Maanguko Kumi na Manne

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Fundi amefika saa tatu asubuhi, ameondoka saa saba. Mwanamke wa makamo, Gaylene, mikono imara, hakutaka chai. Ameniachia spika inayozungumza jikoni, kufuli la mlango lisilo na ufunguo, taa zinazowaka zenyewe, na vidude viwili vyeupe darini, kimoja sebuleni, kimoja jikoni, kila kimoja kama kisosi. Havipigi picha, amesema. Vinajua tu mwili uko wapi na umeinuka kiasi gani kutoka sakafuni. Nikianguka, binti yangu Hina atapata habari kule Brisbane kabla sijapata wasaa wa kulia.

Ni yeye aliyeviagiza. Masharti yake nayajua: nyumba ikithibitisha kwamba naweza kuishi peke yangu, nabaki hapa Porirua. Isipothibitisha, ni kwake Brisbane, au makao ya wazee. Mtathmini wa kuamua hilo anakuja Ijumaa tarehe 22. Siku kumi na nane.

Nimeshahamishwa mara moja na watu walionitakia mema. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kimbunga kilikuwa kimepita kisiwani kwetu Nukunonu, wakasema kisiwa hakitoshi watu wake. Labda hawakukosea. Lakini mara moja inatosha.

Jumanne, 5 Agosti

Kitabu cha maelekezo, kurasa 61. Nimekisoma chote, kalamu mkononi. Makosa manne ya uchapaji, na ukurasa wa 23 umejirudia. Miaka thelathini na moja niliyoorodhesha vitabu maktaba imenifundisha kutambua kitabu kilichoandikwa na mtu asiyetumia anachokieleza.

Spika hainielewi. Nasema, washa taa ya jikoni. Inanieleza hali ya hewa ya mji mwingine. Mara tisa! Mara ya kumi nikaiga sauti ya Gaylene, ile ya kutokea puani — taa ikawaka. Miaka hamsini na tisa katika nchi hii hakuna aliyeweza kunibadilisha lafudhi. Imeweza taa.

Alhamisi, 7 Agosti

Rozari kwangu leo. Rafiki yangu Telesia na wengine watano. Katikati ya fumbo la pili spika ikadakia: samahani, sijaelewa.

Telesia akafumbua jicho moja. "Huyo naye nani?"

"Ni nyumba."

"Mkatoliki?"

"Bado."

"Basi anyamaze mpaka abatizwe."

Hatukuweza kuendelea kwa muda. Hata Susana alicheka, na huyo tangu Pasaka hajacheka.

Nimewapa wote namba za kufungulia mlango. Watu wa kwetu hawabishi hodi wakasubiri nje kwenye upepo wa Agosti.

Jumamosi, 9 Agosti

Gaylene kapiga simu. Kwa upole kanieleza kwamba namba ile ni yangu peke yangu, na kwamba tangu Alhamisi imetumika mara ishirini na tisa. Nikamwambia hiyo ni wiki ya baridi, wakati wa kiangazi huwa zaidi. Kisha kanifundisha kumpa kila mgeni namba yake. Nimewatengenezea sita kabla ya chakula cha mchana. Si kazi ngumu. Ni kama kadi za maktaba.

Jumatatu, 11 Agosti

Hina kapiga simu saa mbili asubuhi, sauti imekauka.

"Mama, umeanguka mara kumi na nne wiki moja na hujaniambia?"

"Sijaanguka hata mara moja."

"Ninayo hapa. Jumanne mara mbili. Jumatano mara tatu. Alhamisi ulikaa sakafuni saa nzima."

"Alhamisi tulikuwa tunasali."

"Mama. Bado unalala mkekani?"

Bado nalala mkekani, sebuleni. Tangu mume wangu Atonio afariki kitanda kimekuwa kipana mno. Na mkekani ndipo ninapokula, ninapofuma, ninapopanua gazeti lote. Hina mwenyewe alijifunza kutambaa hapo. Lakini nyumba hii imefundishwa na watu wanaokutana na sakafu kwa ajali tu. Kwao, mtu aliye chini ni mtu aliyeanguka.

"Mtathmini ataziona hizi namba," kasema Hina. "Hataniuliza mimi wala kukuuliza wewe. Ataangalia namba."

Basi tutazirekebisha namba.

Jumanne, 12 Agosti

Ukurasa wa 44, maandishi madogo. Unaweza kuchora eneo kwenye ramani ya chumba iliyo kwenye simu na kuliambia kidude ni la nini: kochi, kitanda, beseni la kuogea. Mkeka haumo. Nikachora umbo la mkeka kwa kidole, nikaliita kitanda. Nikaketi. Nikalala. Nikainuka. Kidude kimya.

Nimempigia Gaylene kumweleza. Kasema, "Bi Luhia, miaka sita kazini, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo." Kaniomba nimtumie picha ya ramani. Nimemtumia, na makosa manne ya uchapaji pia.

Hina, bila shaka, aliliona tundu mara moja. "Lakini hapo sasa hakitazami. Ukianguka hapo kweli?"

"Nikiwa hapo nimeshafika chini, mwanangu. Nitaanguka kwenda wapi?"

Kacheka. Sijamsikia akicheka tangu Juni.

Jumamosi, 16 Agosti

Maanguko: sifuri, siku ya nne. Spika sasa inanikumbusha dawa, inanisomea habari, inanyamaza saa ya rozari. Susana anataka nimfundishe mama mkwe wake. Nimekubali. Kwanza nitamwandikia kurasa tatu badala ya 61.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeanguka.

Saa nne na dakika kumi asubuhi, jikoni. Maji ya kuchemshia magimbi yalimwagika, sikuyaona, mguu ukaenda zake. Kifundo cha mkono wa kushoto kilitangulia.

Spika ikauliza: umeanguka? Una sekunde sitini za kujibu. Nikiwa nimelala ubavu, shavu kwenye vigae, nikajibu kwa sauti ya Gaylene, safi kabisa: hapana, nimeketi. Ikanishukuru.

Kisha dakika kumi na moja za kuinuka. Nilizihesabu kwa saa ya oveni, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kutazama.

Alhamisi, 21 Agosti

Hina, kwa furaha: "Sifuri, Mama! Siku tisa sifuri. Kesho ni kusaini tu."

Nikasema vizuri. Nikasema mvua hapa.

Telesia alikuja adhuhuri na samaki, akauona mkono kabla sijaushusha chini ya meza.

"Na hiyo mashine yako yenye akili inasemaje?"

"Inasema niliketi."

"Nani kaiambia?"

Nikamsogezea kisu cha samaki.

"Vizuri," kasema, akianza kuparua magamba. "Iache hivyo hivyo. Wenzetu wangapi wamepelekwa kule kwenye makao? Nani kati yao amerudi hata kwa misa moja? Wewe umeanguka mara moja. Mimi nimeanguka mara tatu tangu Krismasi, na mimi sina kisosi darini."

"Tatu? Hukuniambia."

"Na wewe ungemwambia nani?"

Akaendelea na samaki wake. Mimi nikafungua kumbukumbu kwenye simu. Jumatano, 4:10, ameketi sakafuni, jikoni. Chanzo cha taarifa: mwenye nyumba. Chini yake, neno moja la bluu: Rekebisha. Nafasi hiyo hufungwa baada ya saa arobaini na nane. Yaani kesho, saa nne na dakika kumi.

Maisha yangu yote ya kazi nimesahihisha kumbukumbu zilizoandikwa vibaya na wengine. Hii nimeiandika vibaya mimi.

Ijumaa, 22 Agosti

Saa nne kamili. Mtathmini ni wa saa tano.

Nimebonyeza Rekebisha. Nimetumia mkono ule mzima. Ulianguka? Ndiyo. Uliumia? Nimetafuta "kidogo", haipo. Ndiyo. Uliinuka bila msaada? Ndiyo, au Hapana.

Hapo nimekwama. Hakuna mtu aliyenishika. Dakika tano za kwanza nilidhani sitaweza. Mbili za mwisho nilijua naweza. Zote ni kweli, na visanduku ni viwili tu.

Kuna nafasi ya maelezo, herufi 140. Naziandika hapa kwanza, kisha nitazihamisha. Hina atazisoma wakati mmoja na mtathmini, na azisome zilivyo.

Niliinuka mwenyewe. Ilichukua dakika kumi na moja. Nilishika mpini wa oveni.

Spika: una mgeni mlangoni. Dirishani namwona mwanamke, mkoba mkononi. Mtathmini amewahi karibu saa nzima. Nimeiambia spika imwombe asubiri, naja. Saa nne na dakika saba. Zimebaki dakika tatu na herufi sitini na nne, na bado sijasema kwa nini nilidanganya.