Mgeni wa Nyuma ya Jua

Kituntu, Karagwe
5 Oktoba 2025

Mwanangu Xaveria,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Kimuli, na hao wanafunzi wako wanakusikia? Mimi sijambo, ila goti linanisumbua tangu mvua zianze. Migomba inapendeza, mbuzi kazaa mapacha, na jirani yetu Vestina anakusalimu, ingawa salamu za Vestina huwa zina swali ndani yake.

Barua hii nampa Pastory wa Hiace akuletee. Simu siitaki, unajua. Simu ina masikio.

Nina maswali mawili. La kwanza ni la kazi yako ya kufundisha fizikia. Vestina kanionyesha kwenye simu yake habari za kitu kinachokuja kutoka kwenye nyota nyingine, mbali huko nje ya jua letu. Wengi wanasema ni jiwe. Kuna profesa Marekani anasema tusiharakishe, huenda ni chombo kimetengenezwa na viumbe wengine. Nasikia kimepita karibu na Mars, Wamarekani wakakipiga picha, na hizo picha hawazitoi, eti ofisi za serikali zimefungwa. Ofisi zimefungwa! Mimi nimekuwa karani maisha yangu yote. Kabati likifungwa siku ya mkaguzi, siulizi tena ndani kuna nini.

La pili ni huyo Theoneste wako. Unasema ni bwana shamba hapo Kimuli, kwao Muleba, na mwisho wa Novemba anataka kuja kujitambulisha kwangu. Nimeuliza Kituntu nzima, nimeuliza mpaka Rugu, hakuna anayeujua ukoo wake. Mwanamume wa miaka arobaini, hana mke, mpole, hata pombe yetu ya ndizi, rubisi, hanywi. Mtu asiye na kasoro hata moja, kasoro zake kazificha wapi?

Mgeni wa kweli hupiga hodi mbele ya nyumba, akaketi, akapokea kahawa ya kutafuna, akasema yeye ni nani. Anayepita nyuma, migombani, huyo ana lake jambo. Hilo ni kwa mtu na ni kwa hicho kitu cha angani.

Sisemi neno. Nauliza tu.

Baba yako,
Placidius


Kimuli, Kyerwa
14 Oktoba 2025

Baba yangu,

Milele amina, na shikamoo. Pole na goti. Paka ile dawa niliyokuletea, usiiweke dirishani kama pambo.

Naanza na kitu chako. Kilionekana mara ya kwanza mwezi wa saba, kwa darubini iliyoko Chile. Kweli kimetoka nje ya jua letu, ni cha tatu cha namna hiyo kuonekana. Wataalamu karibu wote wanasema ni kometi, ile nyota yenye mkia: barafu na vumbi, na kikipata joto kinatoa mvuke. Huyo profesa ana haki ya kuuliza. Lakini kutojua kitu kimetoka wapi si ushahidi kwamba kimekuja kwa ubaya, Baba.

Na mtihani mzuri unakuja. Mwisho wa mwezi huu kitapita nyuma ya jua, hatutakiona kutoka huku. Jiwe halina usukani. Litatokea upande wa pili palepale hesabu zinaposema. Chombo chenye dereva, kikitaka kugeuza, kitageuzia hukohuko kisikoonekana. Basi tungoje Novemba, tusimtukane mtu wala jiwe.

Sasa Theoneste. Nina miaka thelathini na sita. Mama angekuwapo ningemtuma yeye akubembeleze, lakini Mama kashalala, tumebaki mimi na wewe. Bila kauli yako siolewi; sitakuruka. Ila ukimkataa huyu, usinitafutie mwingine, na mimi sitaleta mwingine. Nakwambia bila hasira, ili ujue uzito wake.

Mwanao,
Xaveria


Kimuli
1 Novemba 2025

Baba,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, Pastory anapiga honi.

Mama yake Theoneste amefariki Jumanne. Theoneste alipopata habari alipanda gari kwenda kwao Muleba, macho mekundu, hata sweta alisahau. Siku ya pili yake, siku ya uchaguzi, mtandao ukakatika. Ujumbe hauendi, na nikipiga simu haipatikani. Natamani kwenda kumzika mama yake, lakini sijatambulishwa kwao, nitaingia msibani kama nani? Nimekaa tu hapa, chakula hakipiti.

Mwombee, Baba. Hata kama humpendi.

Mwanao,
Xaveria


Kituntu
6 Novemba 2025

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Pole sana. Mzazi ni mzazi, na marehemu Mungu amlaze pema.

Sasa nisikilize bila kununa. Amesema anakwenda Muleba. Nani kamwona Muleba? Amesema mama kafa. Nani kaliona kaburi? Kitu chako na mtu wako wameingia nyuma ya jua wiki moja, na mtandao ukazimika wiki hiyohiyo. Mimi mtu mzima, sidanganyiki na mambo matatu yanayokuja yameshikana mikono.

Mtihani wako nimeupenda. Mwenye usukani hugeuzia pale asipoonekana, ndivyo ulivyonifundisha. Basi huenda huko nyuma ana mke na watoto, wewe unamlilia hapa chakula hakipiti. Damu yangu hiyo inayokaa na njaa, siwezi kukaa nikatazama.

Nina safari kidogo. Kuna mbegu ya migomba nataka kuiona. Usiandike mpaka nirudi.

Baba yako,
Placidius


Kimuli
23 Novemba 2025

Baba,

Shikamoo. Umzima? Pastory anasema umerudi siku nyingi, husemi na mtu, na Vestina umemfungia mlango. Barua hujaleta. Basi naandika mimi.

Kitu chako kimetoka nyuma ya jua. Kiko kwenye njia yake, ile iliyopigiwa hesabu, ila kimesukumwa kidogo na mvuke wake chenyewe, jambo la kawaida kwa kometi. Picha za Mars nazo zimetolewa. Ni doa lenye ukungu, basi. Mwezi ujao kitapita mbali na sisi, mbali kuliko jua, kisha kitakwenda zake kisirudi.

Theoneste naye amerudi. Amekonda. Nimekaa naye akanisimulia msiba, na kuna jambo moja nataka ulisikie.

Anasema wakati watu wako matangani, mchana kweupe, vijana walimkamata mzee kajificha migombani nyuma ya nyumba, hatua chache tu kutoka kaburini. Wakamuuliza jina, kimya. Ukoo, kimya. Umetoka wapi, kimya. Wakaanza kupiga kelele kwamba ni mchawi, kaja kuchota udongo wa kaburi. Mmoja alishaokota fimbo. Theoneste akatoka ndani mbio, akasimama katikati, akasema, "Mwacheni! Huyu ni mzee wangu, nimemwalika mimi."

Akamshika mkono, akamzungusha hadi mlango wa mbele, akamketisha na wafiwa na kumpa kahawa. Baadaye akamsindikiza barabarani, akamngojea mpaka akapata gari.

Nikamuuliza, "Alikuwa nani?" Akasema, "Mzee aliyepotea njia." Nikamuuliza tena, akanijibu vilevile. Kisha akafungua begi akatoa kofia. "Aliisahau. Huenda wewe unamjua wa kumpelekea." Akaenda zake kuwasha jiko.

Baba, ile kofia ya kijivu. Kiraka cha kitambaa cha kitenge, upande wa kushoto. Kiraka hicho nilikishona mimi Pasaka, nikajichoma sindano, ukanicheka.

Nimempa Pastory akuletee. Nilikuwa na hasira siku mbili. Halafu nikafikiria ile fimbo, nikaogopa, nikalia. Wangekuua, Baba! Wangekuua kwa ajili yangu, na mimi nisingejua hata kwamba ulikwenda Muleba.

Nasubiri neno lako. Safari hii usiniulize, niambie.

Mwanao,
Xaveria


Kituntu
29 Novemba 2025

Mwanangu Xaveria,

Tumsifu Yesu Kristo. Kofia imefika. Mimi mzima, goti tu, na aibu. Goti lina dawa.

Umesema nikwambie. Nilifika kwao kwa kuulizauliza njiani, nikajifanya mnunuzi wa kahawa. Nilipoona mahema na watu wengi niliogopa kuingia. Msibani mtu huingia na jina lake na rambirambi mkononi, na mimi jina sikutaka kulitoa. Nikazunguka nyuma. Nikaliona kaburi, udongo bado mbichi, maua juu. Basi nikajua kijana hakusema uongo. Ningegeuka hapohapo, leo tungekuwa tunacheka mambo mengine. Lakini moyo wangu huu, unaujua, ukaniambia: chungulia kidogo, huenda mke yumo ndani. Hicho kidogo ndicho kilichoniponza.

Waliponishika waliniuliza yale yale niliyokuwa nauliza mimi Kituntu nzima. Ukoo gani? Umetoka wapi? Umeficha nini? Xaveria, mwanangu, sijui kama umewahi kuulizwa hivyo na watu ishirini wenye uchungu. Kama ningesema mimi ni Placidius, baba wa Xaveria, ningekuaibisha wewe kwenye mlango ambao hujauvuka bado. Nikaona bora nipigwe.

Ndipo akatoka. Hatujawahi kuonana, mimi na yeye. Alinitazama usoni, kisha akatazama masikio yangu haya makubwa, haya uliyoninunia tangu darasa la tano kwa kukurithisha. Nikaona amejua. Ningekuwa mimi, ningesema kwa sauti, "Kumbe ni wewe!" Yeye akasema nimealikwa. Kijana aliyemzika mama yake juzi, anasimama mbele ya ndugu zake anasema uongo ili mimi niitwe mgeni.

Aliniletea kahawa mwenyewe. Nilichukua punje mbili, moja ikaanguka. Akaiokota, akaifuta, akaitafuna yeye. Hapo nikalia. Watu wakadhani namlilia marehemu, na kweli nilimlilia, nikamlilia na mama yako humohumo. Barabarani sikuweza kumwambia asante. Nilimwambia tu mvua inakuja. Akasema, "Ndiyo, mzee." Na kofia nikaisahau kwa kukimbilia gari.

Siku zote hizi nimeshindwa kuandika kwa sababu kila nikianza, kalamu inataka kuuliza swali. Leo siulizi. Nimekosa, mwanangu. Nisamehe, na umwombe naye anisamehe.

Kuhusu kitu cha angani, hesabu zako nazikubali, ni jiwe na barafu. Vestina bado anakataa, anasema picha zimepakwa ukungu makusudi, na zamani ningemuunga mkono. Ila nakwambia jambo moja. Kama kweli ndani yake kulikuwa na watu, wametoka mbali, hawajui mila zetu, wakapita nyuma wakichungulia na kuogopa kupiga hodi, basi mimi siwashangai tena. Nimekaa kwenye migomba ile. Natamani tu wangempata mtu wa kutoka mbio akasema, mwacheni, huyu ni wangu.

Theoneste hakuja wiki hii kwa sababu ya msiba, naelewa. Akimaliza kuomboleza, aje. Kikapu cha kahawa nimekwisha kukijaza, na Vestina nimemwomba aje kupika, japokuwa atatutangaza mpaka Rugu. Mwambie asihangaike kujitambulisha, yeye namjua. Mimi ndiye nitasimama mbele ya nyumba, kofia kichwani, nimwambie mimi ni nani na ukoo wangu ni upi.

Baba yenu,
Placidius