Jipu Nisilolitazama

Jumatano, mawingu mazito. Ukungu umetoka msituni mpaka kwenye madirisha ya wadi, na mimi natembea kama mtu aliye usingizini. Harufu ya etha, ile dawa ya usingizi, bado imo nguoni. Nikifumba macho naliona paja ambalo jana sikuthubutu kulitazama.

Mimi ni dresa wa upasuaji, mfunga vidonda hospitalini. Vidonda vya watu navionanga kila siku, isipokuwa cha mama mkwe wangu.

Kwetu mtu hamtazami mama mkwe hata usoni, sembuse paja. Wiki tatu zilizopita mke wangu aliniambia mama ana jipu pajani, haliivi. Nilienda nikasimama nje ya nyumba yake, mgongo nimeupa mlango, nikauliza maswali kupitia kwa mke wangu. Nikaagiza achomwe penisilini. Nikarudi kwangu Amalemba nikijiona mkwe mwenye adabu zake.

Mjinga mkubwa mimi.

Jana aliletwa kwa machela, anaweweseka kwa homa. Daktari, Mzungu aliyebaki baada ya uhuru, alilibonyeza paja, hewa ikasogea chini ya ngozi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nachemsha vyombo. Alipopasua, harufu ya choo ilinifikia huko huko. Kumbe ni saratani ya utumbo mpana, ya siku nyingi, imetoboka kwa nyuma na uchafu umeshuka polepole pajani hadi gotini. Akakata nyama iliyooza, akaweka mipira ya kutoa usaha, kisha akautoa utumbo kwenye ngozi ya tumbo ili choo kipite hapo. Saratani yenyewe imeshika mfupa. Aliiacha.

Akauliza nani alisema ni jipu. Nikasema ni mimi. Alinijibu kwamba saratani ingekuwepo tu, lakini usaha haungefika gotini.

Leo zamu ya bandeji ilikuwa yangu. Nilisimama mlangoni, nimegeuka vilevile, nikamwambia mama mkwe kosa langu na kwamba nitamtafuta dresa mwingine.

“Baba Muhonja,” akasema, “heshima yako nimeiona. Sasa nataka mikono yako.”

Nikaingia.

Nilifungua bandeji taratibu, nikaosha, nikafunga. Yeye hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikainua macho bila kukusudia. Kumbe mke wangu amefanana naye hivi, mpaka kidoti cha shavuni! Miaka kumi na moja nimeoa kwake na sikujua.

Daktari anahesabu miezi. Nimebakiwa na siku ngapi za kumtazama?