Kabla Keza Hajafunga Anwani Yako

Baba Keza,

Simu yako bado iko juu ya kabati, na bado ina chaji. Naichaji mimi. Usinicheke. Kila barua pepe inapoingia inalia ile sauti yake, na kwa kitambo kidogo nyumba inakuwa ile ya zamani, kana kwamba kuna mtu anakutafuta na wewe uko uani unanawa mikono uje uone ni nani.

Nakuandikia kwa anwani ileile uliyoipenda kuliko shati lako la kanisani. Ulipoinunulia karakana jina lake la mtandaoni, mtaa mzima wa Kimisagara ulijua. Ukaichapa anwani kwenye vibati na kuvigongea kwenye kila geti ulilotengeneza. Ukaiweka kwenye tovuti kwa herufi kubwa. Tena ukamwambia binti yako apange mambo ili mtu akiandika jina lolote, apatie au akosee, barua yake iingie kwako tu. "Mtu amejisumbua kuniandikia, nimrudishe mlangoni?" Hayo ni maneno yako. Fundi mageti wewe, la kwako ukaliacha wazi.

Tulipokuzika, watu walikuja kunawa mikono nyumbani kama ilivyo desturi ya hapa, na baada ya wiki tukaondoa kilio, matanga yakaisha. Mafundi wakawasha tena mashine ya kuchomelea. Nami nikafungua sanduku lako la barua pepe. Lilikuwa limejaa pomoni. Dawa za nguvu za kiume, bahati nasibu, benki ambazo hatujawahi kuzisikia, mtu anauza kontena la vigae. Na wote wanakuita kwa jina. "Ndugu Anastase, habari za asubuhi."

Sasa sikia nilichofanya. Kwetu mtu akifa, unawaarifu watu wake. Sikujua nani ni mteja na nani ni mhuni. Basi nikakaa kwenye kiti chako nikamjibu kila mmoja kwa heshima: mume wangu ametutoka, asante kwa kumkumbuka, tafadhali msimwandikie tena. Wengine niliwaandikia nikilia. Yule wa vigae nilimwambia hata mahali ulipozikwa.

Wakaongezeka. Keza aliporudi kutoka chuoni na kuona zile barua taka, alishika kichwa. "Mama, hawa si watu. Ni mashine inapiga hodi kila mahali kuona nani ataitika. Ukiitika tu, jina linauzwa kwa wengine." Nikaelewa polepole. Nilidhani nawapa habari za msiba, kumbe nilikuwa nawaambia uko hai.

Ungecheka, najua. Mimi nililia mpaka mbavu zikauma.

Hata hivyo sikukubali afunge anwani yako. Hao ndio waliobaki wanaokusalimu kwa jina. Majirani wanakwepa kukutaja mbele yangu, wanaongea habari za mvua. Simu ikilia asubuhi najua ni takataka, lakini nainuka vilevile kwenda kuiangalia.

Mpaka akaja yule mama wa Kagarama, uliyemtengenezea madirisha yenye maua ya chuma. Alisimama karakanani katikati ya mabomba, kiti akakikataa. "Mama Keza, niliandika, nikaandika tena. Geti la mtoto wangu liko wapi? Fundi hangeninyamazia hivi." Oda yake tuliikuta imezama chini ya taka. Alikuwa ameshaipeleka kwingine, na si yeye peke yake. Mafundi wamekaa wanapiga soga, na mzee Ezekieli, uliyeanza naye kazi, ameniuliza kwa upole kama atafute kibarua mtaa wa Gitega. Mlango uliuacha wazi kwa ajili ya yule mama, Baba Keza, na mimi nikaujaza wahuni mpaka yeye akakosa pa kupita.

Kwa hiyo leo nimemruhusu Keza. Ameondoa anwani kwenye tovuti, mahali pake ameweka fomu ya kujaza. Ameongeza kichujio cha barua taka. Ameacha anwani moja ya oda, na barua za majina ya kubahatisha sasa zinarudishwa. Imebaki yako. "Mama, kilio tulikiondoa nyumbani. Humu bado," akasema, kisha akageukia dirishani. Ni baba yake. Katika haya yote nilisahau kwamba na yeye amefiwa.

Nimemwomba nafasi ya barua moja. Kuanzia kesho, atakayekuandikia ataambiwa hakuna mtu mwenye jina hilo hapa. Hata mimi. Hilo ndilo linaloniua, mume wangu. Hata mimi.

Nakuahidi kila oda itajibiwa siku hiyohiyo, hata kama jibu ni kwamba hatuwezi. Vibati tutaendelea kuvigongea, vyenye jina lako tu, bila anwani. Na nisiyemjua sitamjibu tena, ingawa nyumbani kwetu tulifundishwa kwamba huo ni utovu wa adabu.

Pumzika, Baba Keza. Binti yako yuko hapa pembeni, kidole tayari, ananisubiri. Nikishatuma hii, simu italia pale kabatini kisha atafunga. Acha ilie. Safari hii ni mtu kweli anakutafuta.

Mama Keza