Maji ya Kupimia Bomba

Kitangari,
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa dada Isabela,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Nanganga, wewe na shemeji, na kwamba mtoto ameacha kukohoa. Sisi huku tunapumua. Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba ninakuandikia.

Najua ungependa nikupigie simu. Lakini unanijua, kwenye simu ninasema ndiyo na hapana mpaka salio linaisha, halafu maneno yenyewe yananijia baadaye nikiwa nafua. Barua hii nampa Husseni, yule konda, akupe mkononi. Tafadhali uisome peke yako.

Nilikueleza kwamba likizo hii ya mwezi wa sita sisi wa kidato cha nne tuliruhusiwa kusoma kozi za utangulizi katika chuo cha ufundi. Kulikuwa na ushonaji, umeme wa majumbani, uchomeleaji na ufundi bomba. Kila kozi ilikuwa na nafasi moja tu ya kurudi Januari kusoma kozi kamili, bweni na ada juu ya chuo. Mama alitaka niende ushonaji pamoja na Kibibi, rafiki yangu, kwa sababu cherehani, alisema, haimvui mtu kitambaa kichwani. Mimi nikachagua ufundi bomba. Mjomba Gerson alipopata habari alicheka sana. Aliuliza nitafunga bomba wapi, kwa kuwa hapa kwetu hata koki ya kijijini ikikohoa watu hutoka nje kuitazama. Ndiyo maana nimeichagua, dada, lakini sikumjibu.

Unajua neno la Mjomba lilivyo kwetu. Baba hakulipinga alipokuwa hai, na Mama halipingi sasa. Mjomba alisema nikipata nafasi ile yeye hana shida, nisome. Nisipoipata, nikimaliza mtihani wa Novemba nitakwenda kwake Masasi kumsaidia mke wake kulea, na hapo shule iwe imekwisha. Alisema hayo huku anakula, bila ubaya wowote, kama mtu anayepanga zamu ya kupalilia.

Basi nikasoma. Chuo kilitupa kijitabu chembamba, nikakisoma mpaka Kibibi akasema nikiulizwa jina langu nitajibu kiungio. Katika mtihani wa kuandika niliongoza. Mwalimu Ladislaus alisoma jina langu kwanza, vijana wote wakageuka, nikaangalia meza. Huyu mwalimu ni mtu wa Bukoba. Anashangaa kila kitu cha kwetu: vumbi, bei ya dumu la maji, watoto wanavyonawa mikono watatu kwenye bakuli moja. Kwao, alituambia, mvua hunyesha mpaka mtu anaomba radhi. Si mtu mbaya. Nataka uliweke hilo moyoni unapoendelea kusoma.

Ashiru, mtoto wa yule mwenye mashine ya kusaga, ndiye aliyenifuata kwa alama. Tangu siku hiyo akaacha kuniita Witness. Aliniita Profesa wa Ndoo. Alisema mwanamke akishika spana mvua inahama, na wengine wakacheka. Nami nilicheka kidogo, maana sikujua nifanye nini na uso wangu.

Mtihani wa vitendo ulikuwa juzi Ijumaa. Tangi la chuo lilikuwa limekauka, kwa hiyo tuliambiwa kila mmoja aje na maji yake ya kupimia. Kila mtu alipewa mabomba ya chuma, akayakata, akayachonga meno ya kukazia, akayaunganisha kutoka kwenye pipa dogo lililowekwa juu ya stuli ndefu hadi kwenye koki ya mwisho. Kijitabu kinasema, na Mwalimu alilirudia hadi Ashiru akawa anamwigiza sauti, kwamba ukimaliza kuunganisha unafungua koki, unaacha maji yatiririke mpaka yatoke meupe, ndipo ufunge na kuangalia kama kuna panapovuja. Ukichonga meno, chenga za chuma hubaki ndani ya bomba. Zisiposukumwa nje na maji hukwama kwenye koki, nayo haifungi tena sawasawa.

Ashiru aliletewa madumu mawili kwa bodaboda, maji ya kisima chao cha mvua. Alifungua koki akaiacha, akasimama mikono kiunoni, maji yakikata mfereji mchangani hadi miguuni kwetu. Alipofunga, hapakuwa na tone. Mwalimu akampa mkono. Maji yaliyobaki kwenye dumu Ashiru alioshea viatu.

Ikafika zamu yangu. Kazi yangu ilikuwa nzuri kuliko ya Ashiru, dada. Mwalimu mwenyewe alipitisha kidole kwenye kila kiungio akasema hapa kuna fundi. Nikamimina maji yangu kwenye pipa, nikafungua koki. Yalitoka mekundu ya kutu, yakaanguka kwenye mchanga, mchanga ukayanywa papo hapo. Nikafunga. Hayakuwa yameanza hata kung'aa. Mwalimu akaniambia bado, nifungue tena. Nikafungua, nikafunga tena upesi kuliko mwanzo. Halafu koki ikaanza kudondosha, tone baada ya tone, na nilipoikaza ikazidi. Chenga zilikuwa zimeshaingia. Nikakinga kiganja chini yake. Ashiru akasema mtazameni Profesa, anataka kuyapeleka nyumbani. Mwalimu aliniuliza kwa upole kwa nini sikuyaacha yatiririke na hali nililiandika jibu hilo vizuri kuliko wote. Nafasi ikaenda kwa Ashiru.

Jana Mjomba alikuja. Alisema basi, Mungu ameshaamua, na mke wake atafurahi. Mama alilia, kisha akakasirika, na hasira yake imekuwa mbaya kuliko kilio. Anasema Mwalimu ameninyima kwa sababu mimi ni mtoto wa kike wa mjane, na kwamba bodaboda ya baba yake Ashiru haikubeba maji peke yake. Ameyasema hayo kwa majirani, na leo ameyasema kwa akina mama wenzake nje ya kanisa. Mwalimu alipita na pikipiki akasimama, akamwamkia. Mama alimpa mgongo. Mimi nilikuwa hapo hapo, nimeshika kitabu cha nyimbo cha Mama.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu.

Maji yale hayakuchotwa na mimi. Siku hiyo Mama alinikataza kwenda bondeni. Alisema fundi haendi kwenye mtihani na shingo inauma. Alishuka yeye, na goti lile aliloliumiza msimu wa korosho, akapandisha ndoo ile mlima wote ikiwa na majani juu ili isimwagike, akanifikishia mpaka chuoni. Hakuondoka. Alisimama nje ya uzio, amejishikiza kwenye nguzo, mguu mmoja ameuinua. Nilipofungua koki nilimwona. Alikuwa anatabasamu, dada. Nilijua ninachotakiwa kufanya, naweza kukutajia ukurasa. Mkono ulikataa kumwaga maji ya Mama mchangani mbele ya macho yake.

Na si hilo tu. Kabla ya nafasi kutangazwa, Mwalimu alinivuta pembeni akaniambia kazi ni nzuri mno kupotea kwa ajili ya koki. Nikileta ndoo nyingine kabla hajafunga karakana, atafungua koki, ataisafisha, na nitapimwa upya. Wauza maji wa baiskeli walikuwa wameshapita, na mimi sikuruhusiwa kutoka kabla ya wote kumaliza. Nikatazama uzioni. Mama hakuwa amesikia lolote, lakini alikuwa ameshaiokota ndoo tupu na kujitwika, kama anayesubiri kutumwa. Nikamwambia Mwalimu asante, haina haja, nimekubali matokeo. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

Mama akijua, atasema angeshuka tena. Najua angeshuka. Na akijua kwamba ni ndoo yake iliyonifunga mkono, sijui atajitwika vipi ndoo nyingine, naye hana wa kumchotea nikishakwenda Masasi. Kwa hiyo nimemwachia Mwalimu Ladislaus abebe lawama, mtu aliyenisifu, na tangu jana ninamdharau Witness kwa hilo.

Mama atakupigia wiki hii akueleze jinsi nilivyodhulumiwa. Nakuomba dada yangu, kubaliana naye. Sema ndiyo, huyo mwalimu ni mbaya.

Nisalimie shemeji, na mtoto umbusu shavuni kwa niaba yangu. Salamu za Kibibi pia pokea. Yeye amepata nafasi yake ya ushonaji. Mungu awalinde hapo barabarani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Witness