Mkono wa Wanjala

Eliakim, nimeaibika. Nakuandikia hapa hapa nje ya uwanja wa tenisi, Kitale.

Mjukuu wangu Wanjala ameangusha raketi. Ameiokota, ikaanguka tena, mbele ya wakubwa wote wa shule anayoombea nafasi.

Mwalimu Kipkoech, anayemfundisha mchezo, akaushika mkono wake wa kulia. Umevimba kama muhogo. "Mzee, huu mkono mmeufanyia nini?"

"Ni njuga, anazigonga kwenye bangili za chuma mkononi akialika watu. Agosti anaingia jandoni."

"Na nani alimtuma apige njuga wiki ya majaribio?"

Ni mimi. Mimi nilisema azunguke Kabuchai yote akialika wajomba mwenyewe, watu wasiseme amekuwa wa Wazungu.

Shule inataka mchezo na masomo pamoja. Kipkoech amewabembeleza, watamtazama tena kesho kutwa, baada ya mtihani wa kuandika. Lakini kalamu pia anaishika kwa mkono huo huo, Eliakim. Mkono huo huo.

Ameniuliza mimi babu yake, "Kuka, nijaribu wa kushoto?" Nikachukua karatasi nikuandikie wewe.

Wewe ulikuwa dresa, mfunga vidonda hospitalini. Niambie tuukande na nini. Lawama utanipa baadaye. Dereva wa lori aliyekuletea hii anangoja jibu.