Ulimi wa Ng'ombe Niliotafuta Wiki Mbili

Boito, Jumanne

Mama mpendwa,

Mko wazima huko? Mimi niko salama, ingawa huku mvua hunyesha kwenye mashamba ya chai kila alasiri. Uliniuliza kama nakula. Ngoja nikuambie.

Leo asubuhi nilipata kichinjioni Sotik ulimi wa ng'ombe wenye kidonda kilichoanza kupona. Mwalimu wetu wa chuo anataka kujua kwa nini ulimi unaokwaruzwa na nyasi kila siku hauozi. Anasema ngozi yake hutengeneza protini ndogo sana zinazotoboa viini vya magonjwa na kuviua mapema, hata kabla chembe nyeupe za damu hazijafika. Ulimi kama huo nimeutafuta wiki mbili.

Niliacha boksi la barafu lenye ulimi huo jikoni kwa Mama Chebet, mwenyeji wangu, nikaenda kwa jirani kuangalia ng'ombe wengine. Sikufikiria kwamba hapa mgeni akiingia na nyama, amewaletea wenyeji. Niliporudi, ulimi ulikuwa mezani, umechemshwa na kukatwa vizuri, ugali kando. Ile ngozi, ambayo ndiyo kazi yangu yote, alikuwa ameimenya akampa mbwa.

"Muthoni, umetuheshimu sana," akasema, akanichagulia kipande kinono.

Nilimshukuru, nikala, nikaongezwa.

Mwalimu nitamwandikia kesho, nikipata ujasiri. Lakini wewe usiwe na wasiwasi: nakula vizuri, hata masomo yangu nimekula.

Mungu awatunze nyote, na umkumbatie Nyanya kwa niaba yangu.

Mtoto wako,
Muthoni