Mbegu za Maboga ya Mama

Shambani kwa Mjomba,
Chumba cha nyuma, ukuta mmoja na mbuzi,
Jumatano, siku ya kumi na tisa ya kifungo changu.

Mpendwa Dada,

Anayekuandikia ni mwanamume pekee duniani aliyewahi kukamua ng'ombe kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia umeshika mkate, na ng'ombe mwenyewe akageuka kumtazama kama anayetaka kupiga naye picha. Huko uliko ukisikia watu wanawasifu wakulima, waambie wanyamaze kwanza. Mkulima ni mdogo wako.

Lakini u hali gani? Yale mafua yamekwisha? Na lile koti la baridi linalokufanya uonekane kama godoro lililofungwa kamba, bado unatoka nalo mbele za watu? Mimi ni mzima, ila jua la huku limenichoma mpaka masikio yanabambuka. Mjomba hajambo. Mkaza-mjomba naye hajambo, na mdomo wake hajambo zaidi.

Barua yako niliipata. Niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, ili mbuzi nao wapate elimu. Nimeona ulichoagiza: mbegu za yale maboga ya marehemu Mama, uzipande nyuma ya nyumba kwenye hicho kipande cha ardhi ulichopewa, upate kuamka na kuona kitu cha kwetu kinatambaa mlangoni. Nimeelewa. Nitafika hapo. Usinikimbize, kalamu ninayo mimi.

Kwanza nikueleze ulikonitupa. Uliniambia, maadamu gereji imefungwa mpaka bati liezekwe upya, nije kwa Mjomba nipumzike. Nipumzike! Huku jogoo anawika kabla jua lenyewe halijaamua kama litatoka. Akimaliza yeye, mkaza-mjomba anapokea. Kati ya hao wawili, jogoo ndiye anayemeza mate.

Tuanze na kuku. Kuku, Dada, ni ndege aliyefeli. Ana mabawa na hajui ya kazi gani. Ana macho mawili, kila moja na safari yake. Mwagie debe zima la pumba mbele yake, yeye atakimbilia punje moja iliyo mdomoni mwa mwenzake. Nimewapa wote jina moja, Zuzu, na hakuna hata mmoja aliyekuja kulalamika.

Mbuzi ni wezi walioota ndevu. Yule jike mkubwa amekula shati langu la mistari, kola na kifuko, akaacha vifungo kwa dharau. Nikaenda kumshtaki.

"Ulilianika wapi?" mkaza-mjomba akauliza.

"Uani."

"Uani ni kwa mbuzi, baba. Mgeni ni wewe."

Basi kesi ikaishia hapo. Shule niliiacha darasa la saba, lakini hata mimi najua mahakama ya namna hiyo ni ya kununuliwa kwa maziwa.

Na bustani! Usiniambie kitu kuhusu bustani. Nyanya za Mjomba zinadekezwa kuliko watoto wa tajiri. Zinafungwa kamba zisichoke kusimama. Zinatandikiwa nyasi zisiungue miguu. Zinanyweshwa asubuhi na jioni kwa kopo lililotobolewa matundu, eti maji yakianguka kwa nguvu zinashtuka. Zinashtuka! Sisi Mama alitulea kwa makelele na ndala, na tumesimama wima mpaka leo bila kamba.

Wiki iliyopita alikuja daktari wa mifugo, maana ng'ombe alikuwa amevimba tumbo. Mtu mzima, viatu safi vya mpira visivyowahi kukanyaga hata tope la bafuni. Akamtazama ng'ombe akiwa mbali, akaandika karatasi nzima, akatoa hukumu: amekula sana. Dada, hiyo mbona hata Zuzu angeiona?

Mjomba mwenyewe ameanza kuzeeka ovyo. Anatafuta kofia akiwa ameivaa. Juzi juzi alikuja bandani na ndoo, akasimama, akaniuliza mimi amefuata nini.

"Umekuja kunipa siku ya mapumziko, Mjomba."

"Kumbe?" akasema, akageuka kurudi. Ningekuwa nimelala mpaka sasa, kama mkaza-mjomba asingetoka jikoni na mwiko.

Na mzee huyo huyo ndiye anayetaka kunifundisha kazi. Mimi! Mimi niliyeshusha injini ya lori fundi akiwa kwenye chai. Fundi wetu alikuwa akisema nina mikono ya dhahabu, tatizo ni mtu iliyoshikamana naye.

Haya, maboga. Mbegu hakuna, Dada. Akiba ya mwaka jana panya waliimaliza ndani ya kopo, kwa hiyo mwaka huu Mjomba aliacha maboga matatu yakomae kabisa shambani, yasichumwe mpaka vikonyo vikauke. Hayo matatu yalikuwa ndiyo mbegu zote zilizobaki za Mama. Sasa Jumamosi yamekutwa yamekatwa, nyama kala ng'ombe, mbegu kala kuku. Mjomba kasema huenda aliyakata mwenyewe akasahau. Ndivyo ilivyo, uzee hauna dawa. Nitakutafutia mbegu nyingine sokoni, boga ni boga.

Nisalimie shemeji, mwambie mguu usipopona nitakuja kuushusha kama injini. Nibusie mwanao Kipara, najua ameshaota nywele lakini jina halirudishwi dukani. Msalimie na yule jirani yako mshonaji, mwambie suruali aliyonitumia ilinitosha mguu mmoja. Mjomba na mkaza-mjomba wanakusalimu. Mungu akupe kazi isiyokuchosha na bosi anayekwenda likizo mara kwa mara.

Nilikuwa nitie sahihi hapo. Nimekaa na kalamu mpaka mbuzi wamenyamaza.

Dada, boga si boga. Na Mjomba hakukata kitu.

Jumamosi walikwenda zahanati wakaniachia shamba. Mjomba akaniambia, mkatie ng'ombe maboga mawili matatu, yale mabovu. Nikaenda. Nikakuta matatu yamefungwa kitambaa chekundu kwenye kikonyo. Sasa wewe unajua gerejini kwetu: kifaa kikifungwa kitambaa chekundu, maana yake ni kibovu, king'oe, kisirudi kwenye gari. Nikajisemea, angalau leo mzee amefanya kazi kama fundi. Nikayakata yote matatu. Yalikuwa magumu na rangi nzuri ndani, na mimi huyo nikawacheka wakulima kwamba hata kibovu hawakijui. Kumbe kwao chekundu ni cha kuchungwa. Labda aliniambia. Kama aliniambia, nilikuwa nacheka.

Hilo ni kosa, na kosa lina mwenyewe. Lililo baya ni lililofuata.

Mjomba aliporudi alisimama pale kwenye vikonyo muda mrefu, kitambaa kimoja mkononi. Akaniita, taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, ni mimi niliyeyakata haya asubuhi kabla hatujatoka?" Alikuwa ananiuliza kweli, Dada, kama mtu anayeuliza njia. Nikamwambia, "Ndiyo, Mjomba. Nilikuona."

Tangu siku hiyo haendi bustanini peke yake. Funguo za banda amempa mkewe. Kisu amekiweka juu ya kabati, anasema hakiamini tena kichwa chake. Sasa hivi namwona dirishani anahesabu mbuzi wanane, anaandika kwenye kiganja, anahesabu tena. Ni wanane, Dada. Wamekuwa wanane siku zote. Kichwa chake kina matundu madogo ya kofia na ndoo tu, hili tundu kubwa nimelitoboa mimi.

Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu uko mbali na kofi lako halifiki. Yeye yuko hatua ishirini kutoka hapa, na zimenishinda siku nne.

Wako akupendaye, hata kama wiki hii wewe hutaki,
Mdogo wako.